Kiti cha Saba

Palikuwa na nchi, na bado ipo, ila jina lake halitajwi kwa kuwa kulitaja kunahitaji kibali, na mtoa vibali yuko semina tangu mwaka juzi. Ni nchi njema. Shida ya maji ilikwisha siku neno "kiu" lilipopigwa marufuku magazetini. Shida ya dawa ilikwisha wagonjwa walipoagizwa wapungue. Ikabaki shida moja tu, na hakuna aliyejua kwamba ni shida mpaka Mtukufu mwenyewe alipoiona kwa macho yake.

Siku hiyo Mtukufu alikuwa akipita mjini na msafara wake kwenda kuzindua uzinduzi. Pembeni mwa barabara, pale raia wanapoegesha ili kuupisha msafara na kuupigia makofi, akaona gari dogo limebeba watu tisa wanaotoka harusini. Bibi amempakata mjukuu, na mjukuu amempakata jogoo. Mtukufu akasimamisha msafara, akashuka, akalia. Machozi yake yakakingwa kwenye chupa na watu wa Makumbusho ya Taifa, ambao hawabanduki karibu naye kwa ajili ya mambo kama hayo.

"Watu wangu wanakaliana!" alisema, na kabla jua halijazama kauli ile ilikuwa imeshachapwa kwenye kanga.

Wiki haikwisha, Bunge likapitisha Sheria ya Kiti. Sheria yenyewe ni fupi. Kila raia awe na kiti chake ndani ya gari la familia yake. Familia isiyo na viti vya kutosha ipunguzwe watu mpaka itoshe. Na hao watakaopunguzwa wasitupwe, la hasha, wapewe familia zenye viti vitupu. Nani angepinga huruma ya namna hiyo? Mbunge mmoja aliuliza habari za wasio na gari kabisa, akajibiwa kwamba kwa mujibu wa takwimu hawapo, naye akaomba radhi kwa kuwafikiria.

Viti vitupu vilipatikana kwa wingi mtaa wa Kilimani, wanakokaa mawaziri, maana huko magari ni makubwa na watoto wanasoma ng'ambo. Basi waliopunguzwa wakapelekwa huko, wakaitwa jamaa wapya. Kwa bahati tu, wala hakuna aliyepanga, jamaa wapya wengi wakawa wajane hodari wa kupika, mabinti wanaojua kufua na wanaume wenye nguvu ya kufyeka majani. Kiti chao walipewa kila Jumapili alasiri, robo saa nzima, gari likiwa limesimama. Siku nyingine zote walisaidia kazi za nyumbani, kwani jamaa hakai bure kama mgeni.

*

Mwalimu Shaweji alifundisha jiografia, kazi ngumu katika nchi ambayo ramani yake hubadilika kila Mtukufu anapopenda mlima fulani. Nyumbani kwake walikuwa sita: yeye, mkewe Sikudhani, watoto watatu, Hidaya, Mbwana na Chausiku, na mama yake mzazi, Bi Mwanahawa. Gari lao lilikuwa dogo, la viti vitano. Mwalimu alijua hesabu ile haikai sawa, ila alijipa moyo kwamba serikali ina mambo mengi.

Barua ikaja siku ya Jumatatu.

"Kaya yako imezidi mtu mmoja," iliandikwa. "Aliyezidi ni Mwanahawa binti Shomari, umri miaka sabini na moja. Ujuzi: pilau, sambusa, kulea. Atapokelewa Kilimani Ijumaa hii saa nne asubuhi. Aje na mwiko wake."

Bi Mwanahawa aliomba asomewe mara mbili. Alikuwa mshonaji aliyestaafu, mwembamba, mwenye magoti mabovu na mdomo usiojua kustaafu. Akiamka anasema, akila anasema, na ilidaiwa pale mtaani kwamba hata usingizini hutoa maoni.

"Sabini na moja?" alisema. "Wamenipunguzia miaka miwili ili huko niendako nionekane bado nina nguvu. Na wanataka mwiko gani, wa ugali au wa pilau?"

"Mama, huendi popote."

"Nimesema naenda? Nimeuliza mwiko."

Sikudhani alikuwa ameshaanza kulia upande wa jikoni. Mwalimu aliikunja barua, akaitia mfukoni. Mama huyu alimlea peke yake kwa cherehani ya mguu, akamsomesha mpaka chuo kikuu bila kumwomba mtu, na kelele za mdomo wake ndizo zilizoifanya nyumba ile iwe nyumba. Hakuweza kuwaza asubuhi moja bila sauti ile. Akakata shauri siku hiyohiyo: atanunua gari la safu tatu, lile la viti saba, kabla ya Ijumaa.

*

Sasa, katika nchi ile mtu hanunui gari hivihivi tu kama anayenunua nyanya. Uchumi wao ni wa ushindani, na ushindani unalindwa kwa sheria. Mnunuzi lazima alinganishe magari matatu mbele ya Afisa Mlinganishi wa Wilaya, ataje tofauti zake, achague moja, halafu yale mawili aliyoyakataa ayaandikie barua ya kuyaomba radhi. Asiyelinganisha ameutukana ushindani. Asiyeomba radhi amemtukana mwenye magari, na hilo ndilo baya zaidi.

Yadi za magari ya safu tatu zilikuwa tatu, zimejipanga kando ya barabara moja: Yadi ya Fahari, Yadi ya Heshima na Yadi ya Ushindi. Wenyewe walikuwa watu tofauti kabisa. Ya kwanza ilikuwa ya mkwe wa Mtukufu, ya pili ya mume wa binti pekee wa Mtukufu, na ya tatu ya baba wa wajukuu wa Mtukufu. Washindani hao wakali walitumia ofisi moja, meza moja, na inasemekana hata miwani moja.

Jumatano asubuhi Mwalimu alifika na mama yake, kwa kuwa kanuni zilitaka mwenye kukosa kiti aje apimwe. Mlangoni pa Fahari walipokewa na muuzaji aliyevaa koti la bluu, Bwana Hasnuu.

"Karibu Mwalimu, karibu mama! Mmefanya la maana kuanza na sisi. Hili ndilo Fahari. Safu tatu, viti saba, kiyoyozi, na mahali pa kuwekea kikombe. Ila nawaomba kitu kimoja, huko Heshima muwe macho. Yule muuzaji wao ni tapeli. Nasema hivyo kwa kuwa namjua vizuri."

Wakamshukuru, wakatoka kwenda mlango wa pili. Nyuma ya ukuta zikasikika mbio za viatu. Mlango wa Heshima ulipofunguliwa, alisimama Bwana Hasnuu, amevaa koti jekundu, kifungo kimoja kimeingia tundu lisilo lake, jasho linamtoka.

"Karibuni Heshima," alisema akihema. "Safu tatu, viti saba, kiyoyozi, na mahali pa kuwekea kikombe. Mmetoka Fahari? Poleni sana. Yule bwana wa koti la bluu amewaambia nini juu yangu?"

"Amesema wewe ni tapeli," alijibu Bi Mwanahawa.

Hasnuu akaumia kweli, midomo ikamcheza. "Mtu mzima yule," alisema. "Ana watoto kama mimi."

"Kunywa maji kwanza, baba," Bi Mwanahawa akamwambia. "Bado una koti la tatu."

Na kweli, pale Ushindi walimkuta na koti la kijani, ameketi chini kwa kuchoka. Gari lilikuwa jeupe kama yale mengine mawili, na nembo yake ilikuwa bado ina gundi mbichi. Mwalimu akaigusa, nayo ikabaki mkononi. Akairudisha haraka huku akitazama kando.

*

Afisa Mlinganishi aliitwa Bi Makame, mama mnene, mtulivu, mwenye mhuri uliofungwa kamba na kuning'inizwa shingoni. Alieleza utaratibu kwa upole mwingi. Mkuu wa kaya hukaa safu ya tatu ya kila gari, maana aliye mbele hajui ya nyuma. Akiwa humo husikiliza hotuba moja ya Mtukufu kupitia redio ya gari, redio isiyo na kitufe cha kuizima. Hotuba ikiisha, anataja tofauti.

Mwalimu akaingizwa Fahari. Ili mtu aingie safu ya tatu, kiti cha kati hukunjwa. Akishaingia, kiti hurudishwa, na mpini wa kukikunja unabaki upande wa mbele, mahali ambapo mkono wa aliye nyuma haufiki. Tena mpini wenyewe ulikuwa na lakiri ya serikali, haukunjwi ila na Afisa. Mwalimu alikaa magoti yakiwa karibu na masikio, akasikiliza hotuba juu ya uhuru. Akatolewa, akaingizwa Heshima, akasikiliza hotuba ileile. Akatolewa, akaingizwa Ushindi. Hotuba ilipokwisha mara ya tatu hakuisikia tena miguu yake.

"Haya, taja tofauti," alisema Bi Makame dirishani.

Hapo ndipo Mwalimu alipokosea. Alikuwa mwalimu kwa miaka kumi na tisa, na ugonjwa wa walimu ni kwamba wakiulizwa swali hujibu.

"Afisa, kwa kweli mimi naona yote matatu ni gari moja."

Kalamu ya Bi Makame ikasimama. Hasnuu akavua koti la kijani bila kujua, akabaki hana upande.

"Mwalimu," alisema Bi Makame kwa sauti ya kumhurumia, "kama yote ni moja, basi hakuna ushindani. Kama hakuna ushindani, hakuna uchumi huria. Na kama hakuna uchumi huria, je, ile nishani ya uchumi huria Mtukufu aliyojivisha mwezi uliopita ilikuwa ya nini?"

Bi Makame akafunga daftari.

"Mimi sikufungi, usinielewe vibaya. Nakuacha upate muda wa kuona. Ukiona tofauti, utatoka."

Akaenda kunywa chai. Baada ya chai akaenda kula, baada ya kula akapumzika kidogo, maana kazi ya kulinganisha inachosha. Jua likapanda likakaa juu ya bati la gari. Vioo vya nyuma vilikuwa vya kutazamia tu, havifunguki. Mwalimu alisukuma kiti cha mbele yake kwa mikono, kisha kwa magoti, kisha kwa kichwa, wala hakikusogea hata unywele. Aliona aibu, halafu aibu ikageuka hofu. Leo Jumatano, aliwaza. Kesho Alhamisi. Nikilala humu mpaka Ijumaa saa nne, watakuja nyumbani watamchukua mama, mimi nikiwa kwenye gari nililokuja kumnunulia.

Akajilazimisha kuona tofauti. Alikumbuka mishono ya viti vya Fahari, akahesabu ya Ushindi, ikawa ileile. Alikumbuka doa la chai kwenye zulia la Heshima, akainama, akalikuta doa lile hapa pia, maana zulia lilikuwa linahamishwa. Alitamani kudanganya, lakini hata uongo unataka pa kuanzia. Kupitia kioo alimwona mama yake uani, anazungumza na Hasnuu, mikono kiunoni, na alitamani kumwita kama mtoto.

Alasiri Bi Makame akarudi akijifuta midomo. "Umeona?"

"Bado, Afisa," alisema Mwalimu, na sauti ilitoka kavu.

"Wewe binti," Bi Mwanahawa akadakia nyuma yake. "Fungua daftari uandike, usimsumbue huyo. Fahari limetazama barabarani. Heshima limetazama ukutani. Ushindi limetazama chooni."

Bi Makame aligeuka, akayatazama magari yale moja baada ya jingine yalivyoegeshwa, akatikisa kichwa kwa mastaajabu.

"Rudia polepole, mama." Akaandika huku akitamka. "Fahari lina mtazamo wa mbele. Heshima lina mtazamo wa ulinzi. Ushindi lina mtazamo wa..."

"Wa usafi," Bi Mwanahawa akamsaidia.

"Wa usafi wa mazingira." Mhuri ukagonga. "Mwanao amesoma mpaka chuo kikuu, na hili hakuliona?"

"Yeye alikuwa ndani, mwanangu. Aliye ndani ataona nini?"

Lakiri ikafunguliwa, kiti kikakunjwa, Mwalimu akatolewa kwa kuvutwa mabega. Alichagua Fahari, kwa kuwa ndilo lililokuwa karibu na lango. Gari lake dogo na shamba la minazi aliloachiwa na marehemu baba yake vikaenda kuwa malipo siku hiyohiyo. Usiku akaandika barua mbili za radhi. "Kwako Heshima," aliandika, "nakuomba usidhani nimekudharau. Kosa si lako. Ningekuwa na familia mbili, ningekuchukua." Sikudhani aliposoma nakala alimuuliza hiyo familia ya pili ni ipi, ikabidi aombe radhi ya tatu.

*

Ijumaa saa nne kamili Bi Makame alifika na gari la Kilimani nyuma yake, ndani kuna mpishi mkuu aliyekuja kumwona mpishi mpya. Mwalimu alikuwa ameshawapanga watu wake ndani ya Fahari tangu alfajiri. Majirani walijaa uani. Bi Makame akahesabu kwa kumgusa kila mmoja kichwani, na alipofika kwa Bi Mwanahawa, Sikudhani alifumba macho.

"Sita. Wote wamekaa. Mama anabaki."

Vigelegele vikapasuka. Hidaya na Mbwana wakamrukia bibi yao, na mpishi wa Kilimani akageuza gari kwa hasira. Mwalimu alishika usukani akauegemea, machozi yakamtoka bila kuyazuia. Alikuwa na furaha ambayo hajaipata tangu siku ya harusi yake.

"Na hiki je?" Bi Makame akauliza. Kidole chake kilikuwa bado kinahesabu.

"Hicho cha saba," Chausiku akajibu kwa fahari ya miaka sita. "Kitupu. Tutaweka mpira."

"Kitupu," Bi Makame akarudia, akafunua ukurasa wa pili wa Sheria ya Kiti, ukurasa ambao hupewa tu wenye magari ya safu tatu, kwa kuwa wengine hauwahusu. Uliandikwa: kila kiti kitupu ni raia aliyeachwa amesimama. Mwenye kiti kitupu atapewa mtu.

Walipokwisha kushtuka, hawakuona ubaya sana. Huenda wangeletewa bibi wa watu aliyenyakuliwa kwake kama mama yao alivyotaka kunyakuliwa. Jioni ile Sikudhani akafua mashuka ya ziada, akasema, "Tutamtunza kama wetu." Bi Mwanahawa akatayarisha mkeka wa pili wa kusalia, akatamani awe mtu anayejua habari za zamani.

Jumamosi akaja mwanamume wa miaka arobaini na kitu, suti ya kahawia, viatu vinang'aa, begi dogo mkononi. Jina lake Msellem. Alivua viatu mlangoni kwa adabu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Na wewe umezidi kwa nani?"

"Mimi sijazidi kwa mtu, mama," Msellem alisema akitabasamu. "Mimi nimetengwa kwa ajili yenu."

*

Hakuwa mtu mbaya. Alikula alichopewa na kusifu chumvi. Alilala chumba cha Mbwana, akaamka mapema, akakunja shuka lake. Alikuwa msikilizaji mzuri kuliko watu wote waliowahi kukanyaga nyumba ile: ukisema mvua itanyesha, anageuza uso wote kukutazama. Hakuwa na daftari. Mwenye daftari unaweza kumchungulia ukajua ameandika nini, lakini Msellem hakuandika neno.

Mtaa wa tatu kutoka hapo, mzee mmoja mwenye gari la safu tatu alisema mezani kwamba mkate siku hizi ni mwepesi. Kesho yake kiti chake kilitangazwa kuwa kimepoteza mwenyewe kwa sababu ya ulimi, na mzee akapelekwa Kilimani pamoja na mwiko, ingawa hakujua kupika hata chai. Habari ile ilimfikia Mwalimu sokoni, akarudi nyumbani mbio. Alimkuta mama yake kisimani anateka maji ya kutawadha, akamwinamia sikioni.

"Mama, nakuomba. Punguza."

Bi Mwanahawa akamtazama, akaelewa, akapunguza. Watoto nao wakajifunza kusema "ndiyo", "asante" na "chakula kitamu". Sikudhani na mumewe wakawa wanasemezana kwa macho, tena taa zikishazimwa macho nayo yakawa hayafai. Midomo ya Bi Mwanahawa ilikuwa ikicheza peke yake anapokunja nguo, hakuna sauti. Siku arobaini zikapita hivyo. Nyumba ilikuwa na watu saba na ilikuwa kimya kama ya mtu aliyehama, na kila jioni Mwalimu alijiambia kwamba angalau mama yupo.

Ndani ya gari nako mambo yalikuwa na mpango. Kanuni zilisema kiti cha mbele ni cha aliyetengwa. Safu ya kati ni ya nguvu kazi ya leo na ya kesho, akakaa Sikudhani na watoto wawili wakubwa. Safu ya tatu ni ya historia, na mtoto mmoja asiyefika kimo cha meta moja na nusu. Basi Bi Mwanahawa na magoti yake akakaa huko nyuma kabisa na Chausiku.

*

Jumapili moja walikwenda Mkwajuni kumwangalia dada yake Bi Mwanahawa, aliyekuwa mgonjwa. Njiani wakapita mbele ya nyumba alimozaliwa Mtukufu, iliyojengwa upya kwa marumaru, na bango kubwa linaloeleza kwamba hakulia alipozaliwa bali alitoa salamu.

"Bibi," aliuliza Chausiku, "ni kweli Mtukufu alizaliwa pale?"

"Pale?" ilisikika sauti kutoka nyuma. "Pale palikuwa machinjioni. Kwao ni kule bondeni, jirani na baraza langu la kushonea."

Mwalimu akakaza mikono kwenye usukani. Msellem akageuka taratibu, mkono juu ya mgongo wa kiti, uso wake umejaa heshima.

"Kumbe bibi unamfahamu Mtukufu tangu utotoni?"

"Namfahamu! Kaptula yake ya kwanza ya shule nimeishona mimi."

"Mashallah. Alikuwa mtoto wa namna gani?"

Siku arobaini hakuna mtu aliyemuuliza Bi Mwanahawa kitu. Mwalimu alimwona katika kioo: mabega yamenyanyuka, macho yanameremeta, mkono umeshatoka ndani ya buibui kwa ajili ya kupunga. Alikuwa mzuri, alikuwa mama yake yuleyule wa siku zote.

"Mwoga, baba. Mwoga kupindukia! Alikuwa akimwona jogoo tu, yeye anapanda ukuta. Ile kaptula nilimkabidhi asubuhi, adhuhuri mama yake akanirudishia imelowa."

Chausiku akaangua kicheko. Mbwana akaziba mdomo, mabega yanamtikisika. Hata Sikudhani, masikini, aligeukia dirishani akicheka, na kwa kitambo kidogo gari lile lilikuwa la familia.

"Imelowa?" Msellem akauliza kwa upole. "Hebu endelea, bibi. Ililowa kwa sababu gani?"

"Nakwambia siku hiyo jogoo wangu mwekundu..."

"Mama, nyamaza."

Mwalimu hakujua kwamba atasema. Neno lile hakuwahi kumwambia maishani, wala hakuwahi kusikia mtu akimwambia mzazi wake, isipokuwa walevi. Alilisema kwa sauti ya darasani, sauti ya kumkata mtoto mtundu. Kicheko kikakatika safu ya kati na safu ya tatu kwa pamoja.

"Aa, Mwalimu," alisema Msellem akimlaumu kirafiki. "Ungemwacha bibi wa watu azungumze."

"Mama amezeeka," Mwalimu akasema, akitazama barabara. "Anachanganya mambo. Hakuwahi kuishi bondeni. Hakuwahi kumshonea mtu."

Msellem akaitikia kwa kichwa, akageuka mbele. Mwalimu aliendesha huku jasho linamteremka mgongoni. Alijua amemwokoa. Hakuthubutu kutazama kioo mpaka Mkwajuni.

Walipofika, wa mbele na wa kati wakashuka. Mwalimu akazunguka, akafungua mlango, akakikunja kiti cha kati, Chausiku akaruka nje, naye akamwekea mama yake mkono ili amshushe kama siku zote. Bi Mwanahawa akautazama ule mkono. Kisha akajivuta kwa makalio polepole mpaka ukingoni, akashika fremu ya mlango, akateremsha goti moja bovu, halafu la pili, akaenda zake kwa dada yake. Mwalimu akabaki ameunyosha mkono, mpaka Msellem alipomkumbusha kufunga mlango.